Katibu Aliyefugisha Timu

Kwa miaka yote niliyomfahamu Katibu, nimemwona ameshangaa mara moja tu. Kazi ya kushangaa alituachia sisi, na tuliifanya kwa bidii. Mimi mwenyewe nimeshangaa kwa ajili ya yule mzee mara nyingi kuliko nilivyofanya mazoezi ya Hesabu tangu niingie sekondari. Mpaka leo nikimkumbuka, taya linashuka lenyewe bila kuniomba ruhusa.

Alikuwa katibu wa timu ya mpira. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini hata mkewe alimwita Katibu. Kwenye mazishi ya baba yake, padri alisoma orodha ya watoto wa marehemu, akafika kwake akasema "na Katibu," na hakuna aliyecheka isipokuwa mimi. Nilifinywa.

Tai alikuwa nayo moja, rangi ya damu ya mzee, na aliivaa juu ya kila kitu: shati, sweta, hata koti la mvua. Mkoba wake ulikuwa na vitu viwili, mhuri wa timu na leseni za wachezaji. Mhuri huo aliupulizia pumzi, "haah," kabla ya kugonga, hata kama wino ulikuwa unadondoka. Nilipokuwa shule ya msingi nilimwamkia njiani.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Leta mkono."

Nikautoa. Haah! Pa! Mhuri kwenye kiganja.

"Basi," akasema, "sasa wewe ni mali ya timu."

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Nisingecheka kama ningejua kwamba yule mzee hakuwa anatania.

Timu yenyewe tuliiita Karai, kwa sababu ililelewa na kiwanda cha ndoo na makarai, na mashabiki walikuja uwanjani na makarai mabovu ya kupiga kwa mawe. Timu za wageni zilikuwa zinafungwa na kichwa kinachouma. Wachezaji walikuwa kwenye orodha ya mishahara ya kiwanda kama mafundi, ingawa hakuna aliyejua hata ndoo inaanza kutengenezwa juu au chini. Kisha kiwanda kikabinafsishwa. Mlinzi wa geti alitusimulia jinsi mwenye mali mpya alivyopita na orodha ile mkononi.

"Hawa mafundi wanafanya nini?"

"Wanacheza Jumamosi, bosi."

"Na Jumatatu?"

"Wanapumzika, kwa sababu ya Jumamosi."

Ikawa mwisho wa mishahara, mwisho wa basi, mwisho wa chai ya maziwa baada ya mazoezi. Timu ikabaki na kitu kimoja tu, uwanja wake pale bondeni, kando ya barabara kubwa, pazuri kiasi kwamba mbuzi wa mji mzima walikuwa wanachama.

Hapo ndipo alipojitokeza Tajiri wa malori. Aliitisha mkutano, akanunua soda kwa kila mtu, akasema atatoa viatu, jezi na basi, ila timu iwe yake pamoja na uwanja wake. Watu walishaanza kupiga makofi na chupa mikononi. Katibu akasimama. Soda yake hakuifungua. Mimi niliiangalia sana kwa sababu nilikuwa naitaka.

"Timu ikipata mwenyewe, imekufa," alisema. "Ikipata wenyewe, angalau itazikwa vizuri."

Watu wakamzomea. Baadaye alimwambia mama yangu maneno ambayo sikuyasahau: "Yule hapendi mpira, mama. Nimemwangalia kwenye mechi. Mpira ukienda kulia, yeye anaangalia ukubwa wa uwanja. Anapanga malori."

Tangu siku hiyo Katibu aliishi kwa ajili ya jambo moja, kwamba Karai isije ikapata mtu mmoja wa kuiuza. Na njia aliyoitumia hakuitoa kwenye kitabu chochote. Aliitoa zizini.

Kwetu mlimani mtu akiwa na ng'ombe asiyeweza kumlisha, humfugisha. Anampeleka kwa mtu mwingine. Mfugaji anapata maziwa na mbolea ya migomba, ndama mnagawana, na siku ya kumuuza hakuna anayeuza peke yake, lazima mkubaliane. Tena ng'ombe wa kufugisha hatangazwi. Watu hufugisha mbali makusudi, ili jirani asijue nani ana mali kiasi gani. Na mifugo haihesabiwi kwa sauti, ukihesabu, inakufa. Hayo kila mtoto wa huku anayajua. Katibu aliyajua kuliko wote.

Jumapili asubuhi alisali misa kwa Wakatoliki wenzake, kisha saa nne akaja kwetu Walutheri kukaa kwenye mnada, ule wa baada ya ibada ambapo mikungu ya ndizi na kuku waliotolewa sadaka hunadiwa. Hakununua hata yai. Alikuwa anaangalia nani anapandisha bei bila kukuna kichwa. Jumapili moja mama yangu alimkomboa jogoo mmoja kwa bei ya jogoo wawili, na kabla hatujafika nyumbani Katibu alikuwa ameshatutangulia mlangoni.

"Mama, una zizi?"

"Ninalo."

"Una migomba?"

"Katibu, unaiona migomba."

"Basi nakufugisha kipa."

Mimi nilidhani mama atamfukuza kwa ufagio. Mama akaweka jogoo chini, akafikiri, akauliza swali moja tu.

"Anakula kiasi gani?"

"Kama ndama aliyeachishwa kunyonya."

Wakapatana pale pale. Kipa atalala kwetu, kwenye chumba cha kaka aliyekwenda Dar kuuza mitumba, isipokuwa siku za kambi ya timu, na kambi za Katibu zilikuwa nyingi. Atakata majani ya ng'ombe na kusomba maji; hayo ndiyo maziwa. Siku timu kubwa ikimtaka, bei yake itagawanywa, nusu kwa timu, nusu kwa mama. Huyo ndiye ndama. Na isitangazwe. Mama akasema kwa Kichagga, "Aika," yaani asante, na Katibu akatoa karatasi. Haah! Pa!

Kipa alikuwa kijana wa Kahe, mpole, mwenye mikono mirefu kama ameazima kwa mtu mwingine. Alizungumza na ng'ombe wetu kuliko alivyozungumza na watu, na ng'ombe akazidisha maziwa kwa heshima yake. Nilimtania kutwa. Nilimuuliza kwa nini anataka sana kwenda kudaka Dar.

"Kule kuna uwanja wenye nyasi," alisema. "Nataka nianguke siku moja nisitoke damu."

Nilikwenda kuchota maji wakati hata haikuwa zamu yangu.

Ujanja wa Katibu ulifanya kazi haraka. Tajiri wa malori aliporudi na wakili wake, Katibu alimwambia kwa upole, akimwita chifu kwa Kichagga, "Mangi, mimi sina timu. Wachezaji wana wenyewe, wako mlimani. Wakikubali, chukua." Tajiri akapanda mlimani na gari lake jipya na simu yake ya mkononi iliyokuwa inatafuta mtandao kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila nyumba walimkaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege ya ugeni haikataliwi. Siku ya tatu gari lilikwama kwenye tope la Kibosho, likavutwa na vijana walioimba. Akashuka mjini macho mekundu, anapiga kelele sokoni:

"Wale watu ni wazimu! Kila nyumba niliyoingia, kipa ni wao!"

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Tukasema mbege imempanda. Hata mama alicheka, na alikuwa na karatasi yenye mhuri chini ya godoro.

Nisije nikaeleweka vibaya, Katibu hakuwa mwizi. Hapo ndipo anaponichanganya. Alimdanganya kila mtu, Wakatoliki, Walutheri, waamuzi, mkuu wa wilaya, lakini hakuila hata senti ya timu. Alipasua njiti ya kiberiti mara mbili ili iwashe mara mbili. Mjini aliagiza maji ya bomba, tena akasisitiza, "Ya bure, mwanangu." Ila asubuhi moja mkewe aliingia zizini kukamua, akakuta ng'ombe hayupo. Mahali pa ng'ombe palikuwa na jozi kumi na moja za viatu vya mpira, zimepangwa vizuri, zinatazama mlango. Mama huyo alikaa chini kwenye majani akashika kichwa. Tulisikia ukunga wake mpaka bonde la pili. Katibu alimjibu nini? "Hawa hawali majani."

Krismasi iliyofuata ilikuwa ya ajabu. Krismasi huku kila nyumba inachinja, na Katibu alimchukua Kipa siku tatu mfululizo, "akawasalimu wapenzi wa timu." Alirudi hatembei, anajiviringisha. Mama akaona mtoto wa watu anaumwa, akampa tiba anayoijua yeye, sufuria ya mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Kipa alinitazama kwa macho ya mtu anayezama. Mwezi wa kwanza, mechi ya kwanza, mpira wa juu ulikuja polepole, Kipa akaruka, na nyayo zake hazikuachana na ardhi. Mpira ukampita na kuingia. Makarai yakanyamaza uwanja mzima.

"Mnampa nini huyu?" Katibu alimuuliza mama kwa ukali.

"Mtori tu!"

Katibu akatikisa kichwa kama daktari. Na alijua! Alijua kabisa!

Lakini kijana alipungua, akarudi kuwa yule yule, akadaka penalti mbili katika mechi moja, na hapo ndipo redio ilipoharibu kila kitu. Ijumaa jioni, kwenye habari za michezo, mtangazaji alisema kwamba kipa wa Karai ya Moshi anatakiwa na timu kubwa ya Dar, na kwamba mjumbe wake atawasili kesho. Mama alisimama na mwiko mkononi. Kipa aliinama akafunga kamba za viatu alivyokuwa hajavaa.

Jumamosi mama alitoa kitenge cha harusi. Tukashuka bondeni watatu, mama, Kipa na mimi. Ofisi ya timu ilikuwa kile kibanda cha kuuzia tiketi. Tulikuta mzee mmoja wa Kibosho, kavaa koti na kofia ya sherehe, amekaa kwenye jiwe.

"Shikamoo, mzee," mama alisema. "Umekuja kwenye mechi?"

"Marahaba. Hapana, mama. Nimekuja kwa ajili ya mfugo wangu."

"Mfugo gani?"

Mzee akamwangalia Kipa kwa upendo mkubwa. "Si huyo hapo? Mwanangu, mbona umekonda?"

Kabla mama hajapata pumzi akafika muuguzi mstaafu wa Machame na mwavuli. "Kipa wangu yuko wapi?" Nyuma yake watu wa Uru, baba na mama, na mkungu wa ndizi wa kumshukuru mjumbe. Kisha wengine, na wengine. Kila mmoja na karatasi, kila karatasi na mhuri, kila mhuri umeandamana na neno lile lile: nusu.

Nadhani kila mtu alikuwa ameshaona. Ila hakuna aliyesema, maana mifugo haihesabiwi. Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Nawaapia sikukusudia, kidole kilinyanyuka chenyewe.

"Nusu moja," nikasema. "Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita." Nikamgusa mama. "Saba."

Hata mbuzi waliacha kutafuna. Mzee wa Kibosho alivua kofia kama mtu aliyepita msibani. Kijana mmoja, nusu saba! Mwalimu wetu wa Hesabu angelia machozi. Na wote saba walikuwa wamekaa na siri kwa adabu, mwezi baada ya mwezi, kila mmoja anamlisha mtoto peke yake, kwa sababu ng'ombe wa kufugisha hatangazwi.

Mama hakunifinya. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni mazito.

Mjumbe wa Dar alitoka kibandani na Katibu, akawatazama wote, akatazama mkungu wa ndizi. "Jamani, mimi nimekuja kusajili kipa, sikuja kuposa. Huu ukoo wote wa nini?"

"Ni wenyewe," Katibu alisema. Tai imenyooka, uso umetulia. "Wakikubali wote, mchukue."

Hawakukubali. Wangekubali vipi? Hawa ni watu ambao wakigombania mpaka wa shamba wenye upana wa unyayo, kesi wanawarithisha wajukuu. Wakabishana nani alimpokea kwanza, nani alimchinjia mbuzi na nani alimpa mchuzi tu. Saa sita mjumbe alifunga mkoba wake akapanda basi. Na hapo Kipa, aliyekuwa amekwenda kukaa kwenye mstari wa goli, alisimama akaja mpaka mbele ya Katibu.

"Na mimi," alisema, "nina nusu gani?"

Mama aliangalia viatu vyake. Mzee wa Kibosho alikohoa. Katibu alifungua mkoba, akautoa mhuri, akaupulizia, haah, akabaki ameushika hewani. Hakuwa na kitu cha kugonga.

Jumatatu Kipa hakuwepo. Alitandika kitanda, akakata majani ya siku mbili, akatundika glavu zake kuukuu kwenye msumari wa zizi. Alikuwa amepanda basi la Dar kwa nauli aliyoijua mwenyewe. Tukasema ataona, hakuna timu itakayomsajili bila leseni, na leseni iko kwenye mkoba wa Katibu.

Barua yake ilikuja baada ya miezi michache. Anadaka. Nyasi zipo, aliandika, ila upande mmoja tu wa goli. Akamshukuru Katibu kwa kumtumia leseni kwa dereva wa basi, imegongwa mhuri: ameruhusiwa. Bure! Mama aliisoma barua mara tatu, kisha akanipa niisome kwa sauti ili ahakikishe macho yake hayamdanganyi. Katibu, aliyepasua njiti za kiberiti, alikuwa ametoa nusu saba bila kupokea hata ya chai.

Nyumba saba zikamwita kikaoni. Kwa mara ya kwanza zilikuwa zimekubaliana juu ya jambo. Wazee walimsikiliza, wakamuuliza kwa nini alimwachia yule kijana. Alisema, "Aliniuliza swali, sikuwa na jibu." Wakamuuliza atawalipa nini wafugaji. Hakuwa na ng'ombe, na viatu vilikuwa vimeshatoboka. Basi wakaamua: siku moja kila wiki, kila nyumba, atakata majani ya ng'ombe mpaka watu waridhike. Nyumba saba, siku saba. Hata kalenda ilikuwa imepanga. Nyumba ya Jumapili ilikuwa ya Wasabato, kwa hiyo kwao haikuwa dhambi. Tajiri wa malori alisikia habari hizo, akakata tamaa kabisa na watu wa namna hii, akaenda kuegesha malori yake kwingine. Karai bado inacheza, chini kabisa ya ligi, kwenye uwanja wake.

Sisi ni Alhamisi. Alhamisi iliyopita nilitoka shule nikamkuta zizini, jasho linamtiririka, tai ameichomeka katikati ya vifungo vya shati ili ng'ombe asiitafune. Mkoba ametundika chini ya glavu.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Leta mkono."

Nikauficha mgongoni. Akacheka, meno machache.

"Katibu, leo ni nani anakufuga?"

"Nyie. Maziwa yenu, mbolea yenu."

"Na ukizaa ndama?"

"Tutagawana." Akaendelea kukata majani. Kisha, bila kunitazama, akashusha sauti. "Kuna mtoto Mabogini. Anafukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga. Hatumii mawe, anapiga madongo ya tope kwa mguu. Wa kushoto. Ni nadra amkose ndege." Akakusanya majani. "Nyumbani kwao wako wengi. Chakula ni shida."

Nikaganda. Hathubutu, nikawaza. Hapa? Kwetu? Panga la adhabu bado liko mkononi!

Mama alikuwa amesimama mlango wa zizi na bakuli la mtori, maana anayekukatia majani humlazi njaa. Alikuwa amesikia yote. Nikasogea pembeni ili mtori ukimwagwa usinipate.

"Katibu," mama alisema, "wewe huna haya."

"Sina, mama."

"Huyo mtoto umeshampeleka nyumba ngapi?"

"Mifugo haihesa..."

"Katibu!"

"Hajakwenda popote. Nimeanza hapa."

Mama aliangalia glavu pale kwenye msumari. Aliziangalia muda mrefu, hata ng'ombe akageuka kuona kuna nini.

"Leseni yake atakaa nayo mwenyewe," alisema. "Si kwenye huo mkoba. Mfukoni mwake. Akitaka kuondoka, aondoke."

"Sawa, mama."

Mama akamkabidhi bakuli, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Anakula kiasi gani?"

Na hapo ndipo nilipomwona Katibu ameshangaa. Kinywa wazi, bakuli mikononi, mvuke unampanda usoni. Tai ilikuwa imechomoka kwenye shati, na ng'ombe wetu aliishika taratibu kwa ncha, akaanza kuitafuna kuelekea juu, na Katibu hakuivuta.